Deksa Inakula Msuli

"Dokta, dawa ya nguvu ni gani?" Naulizwa hivyo na vijana wa toleka (teksi za baiskeli), wapakuzi wa bandarini, wachezaji wa mpira, hata mama anayetaka mwili ujae kabla ya harusi. Swali lenyewe limepotoka. Linadhani nguvu ni kitu kimoja, na kwamba kinapatikana kwenye kidonge.

Anayeinua mfuko wa simenti wa kilo 50 kutoka chini hadi begani anatumia nguvu ya juu, yaani uwezo wote ambao msuli unaweza kutoa kwa mara moja. Kijana wa toleka anayetoka mtaa wa Mangobo na abiria nyuma anatumia nguvu ya ustahimilivu: kidogo kidogo, maelfu ya mara. Golikipa anayeruka ana nguvu ya kasi. Mvuvi wa Kiwagenia aliyekumbatia nguzo katikati ya maporomoko, mikono imekaza na haisogei, ana nguvu ya kushikilia. Bingwa wa moja anaweza kuwa mnyonge wa nyingine, kwa sababu msuli unajua kile ulichozoezwa.

Sasa vidonge. Wanachomeza wengi ni deksamethasoni, ile deksa, pamoja na siproheptadini, bila karatasi ya daktari. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Inafungua hamu ya kula na kuleta usingizi, basi. Anayeimeza asubuhi atabeba abiria huku akisinzia. Deksa ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, lakini ni kali: ukali wake ni takriban mara 25 ya ule wa haidrokotisoni, dawa ya jamii yake. Ukiimeza kila siku kwa wiki na miezi, inazuia msuli kujenga protini mpya na inavunja ile iliyopo. Nyuzi zinazoumia zaidi ni zile za kasi, zilezile unazozitegemea kuinua mzigo na kuruka.

Wakati huohuo mafuta yanahamia usoni, nyuma ya shingo na tumboni, huku mapaja na mabega yakikonda. Mtu anajitazama kwenye kioo, anaona mashavu yamejaa, anasema amepata mwili. Mwambie achuchumae, kisha asimame bila kushika kitu. Anaegemea mbele, anaweka kiganja juu ya goti, anajisukuma, anapanda nusu, anasimama akihema. Kijana wa miaka 25! Hiyo ndiyo nguvu aliyonunua.

Wengine wananijibu kwamba wanamichezo wakubwa wanatumia steroidi. Zile zinazokuza misuli ni za jamii ya homoni ya kiume. Zina madhara yake mazito na zimepigwa marufuku michezoni. Deksa nayo ni steroidi, lakini ya jamii ya homoni nyingine, kotisoli, na kazi yake kwenye msuli ni kinyume kabisa. Anayekuuzia hii kwa sifa za zile anakudanganya. Ongeza hapo madhara mengine ya deksa: sukari na presha kupanda, mifupa kudhoofika, kinga kushuka hadi kifua kikuu kilicholala kuamka.

Na hili lishike vizuri: ukiimeza kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza kotisoli. Ukikatisha ghafla unaweza kuanguka, hata kufa. Kwa hiyo anayeimeza tayari asiache peke yake. Aende kwa daktari, aseme ukweli, apunguziwe polepole.

Anayetaka nguvu aanze kwa kujipima. Nguvu ya juu: tafuta mzigo unaoweza kuuinua mara 5 tu kwa mkao mzuri. Mzigo huo ukiwa wa kilo 60, uwezo wako wa mara moja ni karibu kilo 70. Usiujaribu huo mzigo wa mwisho ukiwa mgeni. Kasi: simama, ruka mbele kwa miguu miwili, pima sentimita. Ustahimilivu: piga pompe (pushapu), na acha kuhesabu mgongo unapopinda. Kushikilia: egemea ukuta magoti yamekunjwa kama umekaa, hesabu sekunde. Mzee ainuke kitini mara 5, mikono kifuani. Akipita sekunde 15, misuli yake inahitaji kuangaliwa.

Mazoezi yenyewe ni haya. Nguvu ya juu: mzigo mzito, mara 3 hadi 6, mizunguko 3 hadi 5, pumzika dakika 3. Kasi: mzigo mwepesi, kasi yote, mara 3 hadi 5, acha kabla ya kuchoka. Ustahimilivu: mara 15 hadi 25, pumziko fupi. Kushikilia: sekunde 10 hadi 30, katika mkao uleule wa kazi yako. Bidoni la lita 20 lililojaa maji linatosha kwa kuanzia, na kuongeza au kupunguza uzito ni kuongeza au kupunguza maji. Fanya siku 2 au 3 kwa wiki, zisifuatane. Kula maharagwe, samaki, karanga, viwavi. Fufu peke yake haijengi msuli. Lala vya kutosha.

Wiki za kwanza nguvu inapanda kabla mwili haujabadilika, maana neva zinajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi. Kwa hiyo usiulize kioo, uliza namba. Pima tena baada ya wiki 6. Namba ikigoma kupanda, angalia usingizi, kisha chakula, kisha mzigo. Farmasi haimo katika orodha hiyo.