Kuzidisha monomia na polinomia

Kuzidisha monomia na polinomia ni tendo la aljebra ambalo mitajo yenye namba na herufi huzidishwa ili kupata mtajo mmoja. Monomia ni mtajo wenye kipande kimoja tu, kwa mfano 7, 3x² au -4ab. Polinomia ni jumla ya vipande vya namna hiyo, kwa mfano x² - 3x + 4. Monomia yenyewe huhesabiwa kuwa polinomia ya kipande kimoja.

Tendo hili lote hutegemea kanuni moja: kila kipande cha mtajo wa kwanza kizidishwe kwa kila kipande cha mtajo wa pili. Makosa mengi ya wanafunzi hutokea pale kipande kimoja kinapoachwa.

Monomia kwa monomia

Namba huzidishwa kwa namba, na vipeo vya herufi ileile hujumlishwa:

3x² × 5x³ = 15x⁵

Vipeo havizidishwi, kwa sababu x² ni x mara x, na x³ ni x mara x mara x. Zikiwekwa pamoja zinakuwa x tano zilizozidishwa. Anayetilia shaka aweke 2 mahali pa x: 2² × 2³ ni 4 × 8, yaani 32, ambayo ni 2⁵. Kama vipeo vingezidishwa, jibu lingekuwa 2⁶, yaani 64. Herufi isiyoandikiwa kipeo ina kipeo cha 1, hivyo 4a²b × (-3ab³) = -12a³b⁴.

Monomia kwa polinomia

Monomia iliyo nje ya mabano huzidisha kila kipande kilicho ndani:

2x(3x² - 5x + 4) = 6x³ - 10x² + 8x

Alama ya kutoa inahitaji uangalifu. -3(x - 4) ni -3x + 12, wala si -3x - 12, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Jambo hili lilielezwa mapema na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad katika karne ya 9, ambaye jina la kitabu chake ndilo lililoleta neno "aljebra". Alizidisha "kumi kasoro moja" kwa "kumi kasoro moja", akieleza yote kwa maneno bila alama: kumi mara kumi ni 100, moja inayopunguzwa mara kumi ni kupunguza 10, na hilo hutokea mara mbili, zinabaki 80, kisha inayopunguzwa mara inayopunguzwa ni 1 ya kuongeza. Jibu ni 81, kama lipasavyo kuwa kwa 9 × 9. Bila ile 1 ya mwisho hesabu isingetimia.

Polinomia kwa polinomia

Mwanafunzi aliyezidisha 23 × 14 kwa kuandika mistari miwili na kuijumlisha amekwisha kufanya kazi hii, kwani 23 ni 20 + 3 na 14 ni 10 + 4. Mazao manne ni 200, 80, 30 na 12. Jumla yake ni 322. Kwa herufi:

(2x + 3)(x + 4) = 2x² + 8x + 3x + 12 = 2x² + 11x + 12

Weka 10 mahali pa x, utapata 322 ileile.

Kukariri "kwanza, nje, ndani, mwisho" husaidia, lakini kunafaa tu pale kila mabano yana vipande viwili. Penye viwili na vitatu hupatikana mazao sita kabla ya kukusanya yanayofanana:

(x + 2)(x² - 3x + 4) = x³ - 3x² + 4x + 2x² - 6x + 8 = x³ - x² - 2x + 8

Ni vizuri kuhakiki jibu kwa kuweka namba. Kwa x = 2, upande wa kushoto ni 4 × 2 = 8, na wa kulia 8 - 4 - 4 + 8 = 8. Namba 1 ni rahisi zaidi, lakini haigundui kosa la vipeo, maana 1 kwa kipeo chochote ni 1.

Mraba wa jumla

Kosa linalodumu kuliko yote, hata kwa wanafunzi wa vidato vya juu, ni kuandika (a + b)² = a² + b². Jibu sahihi ni a² + 2ab + b². Euklides alilionyesha kwa umbo la mraba katika kitabu cha pili cha "Elementi", zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Chukua kiwanja cha mraba chenye upande wa mita 20, kisha urefu na upana wake uongezwe mita 5 kila mmoja. Anayejumlisha 20² na 5² anapata mita za mraba 425. Kiwanja chenyewe ni 25 × 25, yaani 625. Mita za mraba 200 zilizopotea ni vile vipande viwili virefu vya pembeni, kila kimoja 20 × 5: ndiyo 2ab. Anayelipia ardhi kwa mita ya mraba ataiona tofauti hiyo haraka.

Kwa upande mwingine, katika (a + b)(a - b) vipande vya kati hufutana, na kubaki a² - b². Hivyo 51 × 49 ni 2,500 - 1, yaani 2,499, hesabu inayofanyika bila kalamu.