Meza ya Brussels inavyowaongezea vinara wa vyama nguvu

KATIKA vyama vya kisiasa, husemwa kwamba wenye chama ni wanachama. Wajumbe hupitisha sera kongamanoni, nao viongozi wakiingia serikalini hutarajiwa kuzitekeleza. Katika mataifa ya Umoja wa Ulaya (EU), utaratibu huo umelegea.

Sababu ni kuwa mikataba ya Umoja huo huafikiwa na marais, mawaziri wakuu na mawaziri, aghalabu faraghani. Kinara wa chama hurejea nyumbani na mapatano ambayo mataifa mengine yamekwisha kuyakubali. Wabunge wake wakitaka kurekebisha kifungu kimoja, huambiwa kwamba kukigusa ni kuuvunja mkataba mzima. Husalia na mawili: kukubali, au kumwaibisha kiongozi wao.

Uingereza iliyaona hayo mapema. Aprili 1975, kongamano maalumu la chama cha Leba lilitaka nchi hiyo ijiondoe katika Jumuiya ya Ulaya, waliounga mkono wakikaribia kuwa maradufu ya waliopinga. Waziri Mkuu Harold Wilson, kinara wa chama hicho, hakutetereka. Aliwahimiza wananchi wabakie, na katika kura ya maamuzi ya Juni 5 asilimia 67 wakakubaliana naye. Azimio la wajumbe likabaki karatasini.

Kisa cha Ufaransa ni cha ajabu zaidi. Desemba 2004, wanachama wa chama cha Kisoshalisti waliunga mkono Katiba ya Ulaya kwa asilimia 59, kama alivyotaka katibu wao wa kwanza, François Hollande. Naibu wake, Laurent Fabius, alikaidi na kuendelea kuipinga. Mei 29, 2005, Wafaransa waliikataa katiba hiyo kwa karibu asilimia 55. Siku chache baadaye, Fabius aliondolewa katika uongozi wa chama. Debe lilikuwa limempa ushindi, lakini chama kikamwadhibu.

Wabunge wa Bunge la Ulaya, ambao huchaguliwa na wananchi tangu 1979, hawajanufaika sana. Katika mataifa mengi, orodha ya wawaniaji huandaliwa na chama nyumbani, na anayemuudhi kinara huweza kujikuta mkiani.

Denmark, iliyojiunga mwaka wa 1973, imejaribu kuziba mwanya huo. Kabla ya mashauriano mazito, waziri hueleza msimamo wake mbele ya kamati ya bunge, na wengi wakiupinga hawezi kuendelea nao. Serikali za huko aghalabu hukosa wingi wa wabunge, hivyo waziri hulazimika kusikiliza. Akitaka kubadilisha msimamo huo kwa kiwango kikubwa, sharti airejee kamati.