Mwimbaji Anapoacha Kuimba na Kuanza Kusema (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia kiitikio na namna kinavyomshika msikilizaji. Leo tuingie katika jambo ambalo wengi hulisikia bila kulitia maanani: muziki unaendelea kupigwa, lakini mwimbaji ameacha kuimba, anasema. Sikusudii kufoka kwa wasanii wa hip hop, kwani anayefoka bado amefungwa na mapigo. Nakusudia usemi wa kawaida, wa mtu na jirani yake, uliowekwa katikati ya wimbo wenye beti na sauti.

Wapo wanaouona kuwa pumziko tu, au kiraka cha mtunzi aliyeishiwa beti. Mimi naona mara nyingi ndiyo sehemu inayobeba uzito wa wimbo mzima, kwa sababu hapo hubadilika mtu anayeambiwa. Anayeimba anaweza kumwimbia mpenzi aliye mbali, sisi tukawa wapita njia waliosikia. Anayesema anamwambia aliye mbele yake, na mbele yake tumo sisi.

Jambo hili lisingewezekana bila maikrofoni. Hadi 1925 wasanii walirekodi kwa kuimba mbele ya pembe kubwa, na sauti ndogo haikuweza kuchora kitu kwenye nta. Kurekodi kwa umeme kulipoanza, hata mnong'ono ukaingia kwenye santuri. Mwaka 1939 kundi la Ink Spots la Marekani lilirekodi "If I Didn't Care" kwa kampuni ya Decca. Bill Kenny anauimba kwa sauti nyembamba ya juu, kisha Orville "Hoppy" Jones, mwenye besi, anayapitia maneno yaleyale polepole kwa kuyasema, akichomeka hapa na pale neno la mahaba. Hakuna habari mpya anayoileta. Ila kilichokuwa wimbo wa dirishani sasa kimekuwa mazungumzo ya mtu aliyeketi karibu nawe. Jones alifariki 1944, lakini mtindo wake haukuzikwa naye.

Elvis Presley aliupokea kwa njia yake. "Are You Lonesome Tonight?" ulitungwa 1926 na Lou Handman na Roy Turk, na Al Jolson aliurekodi 1950 ukiwa na maneno ya kusema ndani yake. Aprili 1960, Elvis akiwa ametoka jeshini Ujerumani mwezi uliotangulia, meneja wake Tom Parker alimwomba auimbe kwa kuwa mkewe aliupenda. Aliurekodi studioni Nashville usiku wa manane, akaomba taa zizimwe. Sehemu ya kusema inaanza kwa wazo lililochukuliwa kwenye tamthilia ya As You Like It ya Shakespeare, yuleyule ambaye Mwalimu Nyerere alitufasiria kazi zake mbili: dunia ni jukwaa, na watu wote ni waigizaji. Mwanamume anamkumbusha mwanamke kwamba mapenzi yake yalikuwa maigizo, naye aliyaamini.

Usemi wa namna hii hauna mahali pa kujificha. Mwimbaji aliyechoka au asiyeuamini wimbo wake bado hubebwa na sauti ya muziki, na msikilizaji asijue. Agosti 1969, jukwaani Las Vegas, Elvis alibadilisha maneno ya mstari mmoja kwa utani, akashikwa na kicheko. Kwenye ubeti alijikongoja. Alipofika kwenye sehemu ya kusema akashindwa kabisa. Kila sentensi ilikatika kwa kicheko, huku sauti ya juu ya mwanamke katika waitikiaji, Cissy Houston, ikiendelea nyuma yake bila kutetereka. Onyesho hilo lilirekodiwa, na lasikika hadi leo. Ukilisikiliza utaona jinsi usemi unavyodai imani ya msemaji kuliko uimbaji.

Mwaka huohuo wa 1969 ndipo mtu mwingine alipoufikisha mtindo huu mahali ambapo, kwa maoni yangu, hakuna Mmarekani aliyeufikisha tena. Isaac Hayes alikuwa mtunzi na mpiga kinanda wa kampuni ya Stax, mjini Memphis. Kampuni ilikuwa taabani. Nyota wake, Otis Redding, alikuwa amekufa katika ajali ya ndege Desemba 1967 pamoja na vijana kadhaa wa bendi ya Bar-Kays, na mwaka uliofuata rekodi za zamani za Stax zilibaki mikononi mwa kampuni ya Atlantic uhusiano wa kampuni hizo mbili ulipovunjika. Al Bell, mmoja wa wakuu wa Stax, aliagiza albamu 27 zitoke kwa mkupuo ili kujaza pengo. Katika haraka hiyo Hayes aliruhusiwa kufanya atakalo, akaleta albamu yenye nyimbo 4 tu, Hot Buttered Soul.

Mmojawapo ni "By the Time I Get to Phoenix", wimbo wa Jimmy Webb ambao Glen Campbell aliuvumisha 1967 kwa chini ya dakika 3. Wa Hayes unakwenda zaidi ya dakika 18, na karibu nusu yake ni maneno ya kusema.

Hayes mwenyewe alisimulia jinsi ulivyozaliwa. Alikuwa akipiga klabuni Memphis na Bar-Kays, na watu walikuwa wakipiga soga hata muziki hausikiki vizuri. Akaishikilia kodi moja kwenye kinanda, akawaacha wapigaji waizunguke hiyohiyo, kisha akaanza kuwaeleza habari za mtu huyu wa kwenye wimbo. Soga zikafifia, vichwa vikageuka. Kwenye santuri ni vivyo hivyo: ogani imekaa mahali pamoja, besi inarudia noti yake, toazi linagongwa taratibu, na Hayes anasema kwa sauti nzito isiyo na haraka. Kijana ametoka vilima vya Tennessee akaenda magharibi, akaoa, akafanya kazi kwa bidii kumtunza mke. Siku moja akarudi nyumbani mapema na kumkuta na mwingine. Akaondoka, akarudi, akaondoka tena, akarudi tena. Mara 7.

Tazama alichokifanya hapo. Wimbo wa Webb unatupa safari peke yake: mtu yuko njiani, anakisia mwanamke aliyemwacha atakuwa anafanya nini atakapofika mji fulani na mji fulani. Hautuambii alichokimbia. Hayes ndiye aliyeleta sababu, kwa hiyo anapoufungua hatimaye mstari wa kwanza kwa kuimba, tayari tunamfahamu msafiri na tunajua amewahi kushindwa kuondoka. Maneno ya Webb hayakubadilika, lakini yamekuwa mazito maradufu.

Mtindo huo Hayes hakuutoa hewani. Alilelewa na babu na bibi yake huko Tennessee, kanisani akiimba. Katika makanisa mengi ya Wamarekani weusi mhubiri huanza kwa kusema kwa utulivu, akapandisha sauti kidogo kidogo, hata mwisho usemi wenyewe unageuka wimbo na waumini wanaitikia. Tangu 1926 mahubiri ya mchungaji J. M. Gates wa Atlanta yalikuwa yakiuzwa kwenye santuri kama muziki mwingine. Hayes alichukua mpangilio wa mimbari, akauweka mahali pa mambo ya ndoa.

Dolly Parton alifuata mpangilio ulio kinyume. Katika "I Will Always Love You", uliotoka 1974, anaimba kwanza na kuusema ubeti wa tatu, ule wa kumtakia heri anayeachwa. Aliutunga kumuaga Porter Wagoner, aliyekuwa amefanya naye kazi kwenye televisheni kwa miaka, na kwenye usemi ule unamsikia mtu akijizuia asilie. Whitney Houston, binti wa Cissy yuleyule wa Las Vegas, alipourudia 1992 aliuimba ubeti huo. Sauti yake ni ya ajabu, sina la kupunguza. Lakini kwaheri ya Dolly ilikuwa ya watu wawili chumbani, na ya Whitney ni ya ukumbi mzima.

Huku kwetu mfano mkubwa ni Franco Luambo Makiadi. Alianza kurekodi Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1953 akiwa mpiga gitaa kijana, na OK Jazz ikaundwa 1956. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa mtu mzima mwenye mwili na heshima, na kazi ya kuimba alizidi kuwaachia vijana wake. Yeye akabaki na kusema. Katika "Mario" wa 1985, Madilu System anaimba kwa sauti yake ya kulalamika, kisha Franco anaingia na sauti ya kifuani, anamsuta kijana msomi mwenye diploma 5 anayekaa kwa mwanamke aliyemzidi umri, akila na kuvaa vyake. Wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam na Nairobi wasiojua Kilingala wameucheza wimbo huu miaka yote, na ukiwauliza Franco anafanya nini pale, watakwambia anagomba. Hapana aliyewafasiria. Mzee anayemkanya kijana hutambulika kwa mwendo wa sauti yake peke yake, alivyo mzito mwanzoni, anavyokaza katikati, anavyomalizia kwa kuchoka.

Kisha ikaja "Attention na SIDA", 1987. SIDA ni UKIMWI kwa Kifaransa. Ugonjwa huo ulikuwa ukiua, na watu wengi walikuwa wakiunong'ona tu. Franco aliacha mafumbo yake yote. Anasema kwa zaidi ya dakika 10, sehemu kubwa kwa Kifaransa ili asikike nje ya mipaka ya Kilingala, na anawataja walengwa mmoja mmoja: vijana, wazazi, walimu, waganga, viongozi wa dini, serikali. Waganga anawasihi wasiwatupe wagonjwa. Waitikiaji wanarudi kila baada ya muda na gitaa halikomi, lakini ukiyaondoa maneno yale hakuna wimbo unaobaki. Aliyekuwa bingwa wa kusema kwa kuzunguka aliona kwamba safari hii kuzunguka kungegharimu maisha. Alifariki Ubelgiji 12 Oktoba 1989, na Zaire ikatangaza maombolezo ya siku 4.

Miaka hiyohiyo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam, aliligusa jambo hilohilo kwa Kiswahili na bendi yake ya Super Matimila. "Mambo kwa Soksi" unahimiza matumizi ya kondomu, na Remmy aliuimba kwa uchangamfu wa dansi, kwa jina la utani ambalo kila mtu mtaani alilielewa. Redio ya taifa haikuupiga. Ujumbe wa wanamuziki hawa wawili haukupishana mbali, lakini mmoja alisimama kama mzee wa ukoo anayehutubia, mwingine akaleta masihara ya ukumbini, na wakubwa humvumilia mzee anayehutubia kuliko mcheshi anayesema ukweli uleule. Wa Remmy ulifika kwa watu hivyo hivyo, kwa kumbi na kaseti.

Juma lijalo tutageukia maneno yanayolipiwa: mabanga ya Kinshasa, ambapo tajiri hutoa fedha jina lake litajwe katikati ya sebene, na pakruok ya Waluo, ambapo mtu huusimamisha muziki wa nyatiti kwa pesa yake ili ajisifu mbele ya wenzake.