Ukimwita Iskandar, Jua Unayemwita

Kama umewahi kumlipa mtu wa muvi pale Umoja akujazie flashi ya anime, basi kuna jitu moja lenye nywele na ndevu nyekundu unalijua. Linashuka kutoka mawinguni kwa gari la kukokotwa na mafahali, radi zinapasuka kila upande, na kabla hata halijasalimia watu, linataja jina lake kwa sauti ya kondakta wa 58: Iskandar, Mfalme wa Washindi!

Hiyo ni Fate/Zero. Riwaya yake iliandikwa na Gen Urobuchi, ikatoka Japani kati ya 2006 na 2007, halafu studio ya Ufotable ikaigeuza anime mwaka 2011 na 2012. Mpangilio ni rahisi. Wachawi saba, kila mmoja anamwita shujaa aliyekufa zamani aje ampiganie. Atakayebaki wa mwisho anapata kikombe kinachotimiza matakwa. Ili umwite shujaa unahitaji kitu chake cha kale. Kijana anayeitwa Waver Velvet aliiba kipande cha joho kilichokuwa cha mwalimu wake, akamtoa nacho Alexander wa Makedonia.

Waver ndiye sababu sisi wa mtaa tunaipenda hii hadithi. Ni mwanafunzi mfupi, hana jina la ukoo la kujivunia, na insha yake aliyoitolea jasho imesomwa na mwalimu mbele ya darasa ikachekwa. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili sihitaji kuelezewa hiyo sehemu. Halafu mtu kama huyo anapata mfalme wa kuishi naye chumba kimoja! Na mfalme mwenyewe hana makuu: anaagiza fulana yenye ramani ya dunia, anacheza gemu, anataka kutoka nje bila suruali.

Sasa cheki jina. Wajapani hawakutumia Alexander, walitumia Iskandar, ile sura ya jina inayojulikana kwa Waarabu na Waajemi. Mtoto wa Pumwani Majengo aliyepitia madrasa analisikia na masikio yanasimama, kwa sababu Surat al-Kahf, ile inayosomwa Ijumaa, ina habari za Dhulkarnaini, aliyefika machweo ya jua na mawio yake, akajenga ukuta wa kuwazuia Yajuj na Majuj. Wafasiri wengi wa zamani walisema huyo ndiye Iskandar. Wengine walikataa kabisa, na hoja yao ina uzito: Dhulkarnaini ni mja wa Mungu mmoja, ilhali yule Mmakedonia alitambikia miungu chungu nzima. Kwa hivyo Urobuchi hakuwa wa kwanza kumwamsha huyu jamaa na kumvalisha nguo mpya. Watu wamekuwa wakimwita kwa zaidi ya miaka elfu mbili, kila mmoja kwa shida zake.

Lakini buda, hebu tuulizane kitu. Tukishangilia mafahali wakikanyaga, wanakanyaga nani?

Mwaka 332 KK, Alexander aliuzingira mji wa Tiro, Lebanon ya leo, kwa miezi saba. Ulipoanguka, waandishi wa kale wanasema watu kama 30,000 waliuzwa utumwani. Hiyo haimo kwenye anime. Iskandar wa Fate anasema anashinda bila kudhalilisha, anataka tu kufika bahari ya mwisho wa dunia na rafiki zake. Ni maneno matamu. Mtu wa Tiro angekuwa na maswali.

Na sisi ni watu wa Tiro, tusijifanye. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida alifika pwani yetu na merikebu zake, akapora Kilwa, akaichoma Mombasa. Wacha hata hiyo ya mbali. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakapekua mitaa ya Waafrika hapa Eastlands, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori kupelekwa kambini. Ukiwa na nyanya aliyeishi Bahati au Shauri Moyo wakati huo, mwonyeshe mshindi yeyote anayeshuka kwa radi, uone kama atapiga makofi.

Sisemi uifute flashi. Nasema kuna shujaa mwingine anayeingia kwenye huo mchezo vizuri kuliko wengi, na hakuteka mtu mji: Fumo Liyongo.

Sheria ya Fate ni kwamba shujaa huficha jina lake halisi. Adui akijua jina, atajua hadithi, na akijua hadithi, atajua ulivyokufa. Hiyo ni sheria ya hadithi zetu kabisa! Lwanda Magere wa Kano alikuwa na mwili wa jiwe, mkuki haupenyi, hadi mke aliyeletewa na maadui akagundua kwamba ukikata kivuli chake damu inatoka. Liyongo vilevile: hakuna silaha inayomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa makuu na mfalme wa Pate. Iskandar alikufa kwa homa Babeli mwaka 323 KK. Homa haina mkuki wake. Ndiyo maana anaweza kupiga kelele za jina lake bandarini. Liyongo hawezi.

Kuna ile sehemu wafalme watatu wanakaa uani wakinywa mvinyo na kubishana nani mfalme wa kweli. Wafuasi wa Fate wanaiabudu. Mweke Liyongo pale. Huyu alishawahi kualikwa na wenzake kula makoma kwa kikoa, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake, na mpango ulikuwa wamfume mishale zamu yake ikifika akiwa juu. Akachukua upinde, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Mtu wa aina hiyo hawezi kupokea glasi kwa Iskandar bila kuangalia mikono ya kila mmoja. Na alipochomwa hakuanguka: alipiga goti kisimani, upinde umevutwa, na mji mzima ukaogopa kuteka maji siku kadhaa, wakidhani yu hai.

Mwishoni mwa Fate/Zero, Iskandar anamwamuru Waver aishi, aje asimulie aliyoyaona. Liyongo alipata Waver wake Lamu: Muhammad Kijumwa, aliyeuandika utenzi wake mwaka 1913. Maze, kazi ya kuchora ilibaki wazi.

Base yetu imeshaanza kugombana kuhusu daraja lake. Upinde unasema Archer. Lakini msee mmoja wa Jericho anashikilia ni Assassin, kwa sababu alitoka jela ya Pate kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku ngoma ya gungu ikilia nje watu wasisikie pingu zikikatwa. Bado hatujaelewana.