Hewa ya ukaa yapata wanunuzi Bonde la Ufa

Katika kila molekuli milioni moja za hewa tunayovuta, takriban 420 tu ndizo za kaboni dayoksaidi, yaani hewa ya ukaa. Kuiokota gesi iliyotawanyika hivyo ni kazi ya gharama. Feni kubwa hupitisha hewa kwenye vichujio vyenye kemikali inayoinasa. Vikishajaa, kisanduku chenye vichujio hufungwa na kupashwa moto hadi karibu nyuzijoto 100, gesi ikaachiliwa na kukusanywa. Nishati nyingi inayotumika ni joto hilo, umeme ni sehemu ndogo.

Ndiyo maana macho yameelekezwa Bonde la Ufa. Olkaria, jirani na Naivasha, mvuke wa ardhini huzalisha umeme na kuacha maji ambayo bado ni moto. Usiku, matumizi ya umeme yakishuka, mvuke mwingine huachiwa upotee angani. Kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, inalitaka joto hilo, na inaitaka pia miamba ya basalti iliyo chini ya eneo hilo. Huko Iceland, wanasayansi wa mradi wa Carbfix waliyeyusha hewa ya ukaa katika maji na kuisukuma ndani ya basalti. Zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe kabla ya miaka miwili.

Wateja wa gesi inayonaswa hivi duniani ni makampuni makubwa, Microsoft ikiwa mbele ya yote. Mwaka 2022 Stripe, Alphabet, Meta na wenzao ziliahidi dola milioni 925 kupitia mfuko wa Frontier. Tani moja huuzwa kwa mamia ya dola, na nyingi ya tani zilizokwisha kuuzwa bado ziko hewani.

Tusidanganyike na ukubwa wa fedha. Orca, mtambo wa Iceland uliozinduliwa 2021, ulijengwa kunasa tani 4,000 kwa mwaka. Dunia hutoa kiasi hicho kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa muda usiofika sekunde nne. Anayenunua tani hizi huku akiendelea kuchafua hajalipa deni lake.

Kwetu swali ni la ardhi pia. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa Olkaria kupisha mitambo ya mvuke, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Kabla feni hazijafungwa, mkataba uandike wazi jamii zinazoishi juu ya mvuke huo zitapata nini kwa kila tani, na zikubali kwanza.