Kobalti Haingoji

Mwaka 1995 hospitali ya Mulago, hapa Kampala, ilipata mashine ya kutibu saratani kwa mionzi ya kobalti 60. Atomu ya kobalti hii ikitoa mionzi hugeuka nikeli. Ipi itageuka leo, hakuna ajuaye. Ila kila miaka 5.3 nusu yake hugeuka.

Nilijaribu kwa sarafu 64: nilizirusha, nikaondoa zilizoonyesha ngao. Zikabaki 33, kisha 15, kisha 8.

Basi kobalti ikibaki nusu, mgonjwa hulala chini ya mashine muda maradufu, hata kama mashine ni nzima. Ile ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, wagonjwa wengine walipelekwa Nairobi. Ndugu zangu, nani kati yetu ataishika hesabu hii, ili kobalti mpya iagizwe mapema?