Samaki Walio Chini ya Kwato za Mbuzi

Sogeeni hapa, wajukuu zangu. Mwenye kiazi mkononi amalize kiazi chake, maana leo naanza na swali na sitaki mtu ajibu huku anatafuna.

Mnayajua yale madimbwi ya kando ya njia. Mwezi wa kumi yanakauka kabisa, tope linapasuka vipande vipande, na mbuzi wanakatiza katikati bila kulowa kwato. Mwezi wa kumi na mbili mvua inaanza na dimbwi linajaa. Ukija Januari ukachota kwa kopo, ndani ya kopo mna samaki. Hakuna mto uliowaleta. Hakuna mtu aliyewamwaga kwa ndoo. Wametoka wapi?

Najua mtakavyosema, kwa sababu hata wazazi wenu walisema hivyo hivyo: wameanguka na mvua. Wapo watu wazima, wenye ndevu, watakaokuapia kwamba wamewaona wakianguka. Siwacheki. Ukimkuta samaki mahali palipokuwa pakavu wiki chache zilizopita, utamsingizia nani kama si mawingu?

Kweli yenyewe ni kwamba walikuwa hapo hapo muda wote. Mbuzi walikuwa wanawakanyaga.

Samaki hawa ni wadogo, wengi hawazidi urefu wa kidole. Dume ana rangi za kujionyesha, jike ni wa kijivu au kahawia, mtulivu, hata hutamwona mpaka atikise mkia. Jike akiwa tayari kutaga, dume humsogelea ubavuni, akamfunika kwa pezi lake la mgongoni kana kwamba anamtupia kanga, wakashuka pamoja hadi topeni. Hapo yai moja linatoka, linazama ndani ya tope. Wanainuka, wanaogelea kidogo, wanarudi tena. Yai moja, halafu jingine, kila siku tangu wakomae. Yai lenyewe lina upana wa milimita moja hivi, na ganda lake ni gumu.

Kiangazi kinakuja, maji yanakwisha, na wazazi wote wanakufa. Wote, habaki hata mmoja. Kwa miezi kadhaa ukoo mzima unakuwa mayai tu ndani ya udongo mkavu. Samaki wengine wana mto wa kukimbilia. Hawa wana tope.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye maajabu. Kiumbe kilicho ndani ya yai kinaweza kusimama kukua. Si kufa, kusimama. Kinaweza kusimama mapema kabisa, kabla hata hakijawa na umbo. Kinaweza kusimama tena moyo ukiwa tayari umeumbika. Na kinaweza kusimama mara ya tatu, kikiwa samaki kamili aliyejikunja ndani ya ganda, macho yakionekana, akingoja maji tu. Na mayai hayasimami pamoja wala hayaamki pamoja. Mnamjua mzee mkulima wa mtama hapa Singida: mvua ya kwanza ikinyesha hamwagi mbegu zote shambani, kwa sababu mvua ya kwanza ni tapeli, hunyesha siku mbili ikatokomea. Dimbwi nalo linafanya hivyo hivyo. Mayai mengine huanguliwa kwa mvua ya kwanza, mengine hungoja, na mengine huvuka mwaka mzima yakasubiri msimu ujao. Wale wa kwanza wakidanganywa na jua likawakausha, bado kuna akiba chini.

Wakishaanguliwa hawana muda wa kucheza. Jamaa yao mmoja wa kusini, aliyepatikana kwanza Gonarezhou huko Zimbabwe mwaka 1968, amepimwa katika madimbwi ya Msumbiji: wiki mbili tangu aanguliwe tayari anaweza kutaga. Wiki mbili! Nyinyi wiki mbili ndiyo kwanza mlikuwa mnajifunza kulia. Kwa sababu anakua na kuzeeka upesi hivyo, wanasayansi wa Taasisi ya Max Planck ya Cologne, Ujerumani, wanamfuga ili wajifunze jinsi mwili unavyozeeka. Samaki wa dimbwi la ng'ombe anawasaidia watu wenye maabara za mamilioni kuelewa mvi zao.

Na hapa kwetu? Itigi, mkoani kwetu Singida, inajulikana kwa Reli ya Kati, kwa jasi, kwa Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, na kwa vile vichaka vyake vizito ambavyo hata mbwa huvizunguka. Lakini mwaka 2020 wataalamu akina Béla Nagy, Brian Watters na Dirk Bellstedt, pamoja na wenzao, waliandika rasmi juu ya samaki wa madimbwi ya huku wakampa jina la kisayansi Nothobranchius itigiensis, yaani wa Itigi. Katika andiko hilo hilo walimtaja ndugu yake wa upande wa Serengeti, wakamwita attenboroughi, kwa heshima ya mzee Attenborough wa Uingereza, mtengenezaji wa filamu za wanyama. Unguja nako wanaye wao, na kisiwa cha Mafia wanaye wao. Tanzania ina aina nyingi za samaki hawa kuliko nchi nyingine yoyote. Twiga anajulikana hadi kwenye ndege za Tanzania, ila huyu wa dimbwini hana hata jina moja la Kiswahili ambalo nchi nzima inalitumia. Nadhani ni kwa sababu hafiki kikaangoni.

Kwa nini nawaeleza haya leo? Kwa sababu Jumamosi ya mwisho wa mwezi inakuja, siku ya usafi, na nimesikia mnataka kujitolea kusafisha korongo na madimbwi yake. Vizuri sana. Kusafisha ni desturi nzuri, na nchi hii imewahi kuifanya kwa kishindo: 9 Desemba 2015, Siku ya Uhuru, Rais John Magufuli alifuta gwaride, watu wakaingia mitaani na mafagio. Na kazi ipo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini chimbua kidogo tu korongoni, utaikuta ile ya zamani, imechanika, rangi imepauka, imejisokota kwenye mizizi. Juu yake kuna chupa za maji, kandambili za mguu mmoja, betri za tochi, na pampasi. Pampasi ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Tena sisi tuna shida ambayo watu wa pwani hawana. Sehemu kubwa ya mkoa wa Singida imo katika Bonde la Kati, bonde ambalo maji yake hayafiki baharini. Maji ya mto Wembere huingia Ziwa Kitangiri, yakatoka kwa mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na hapo safari imekwisha, kazi iliyobaki ni ya jua. Uchafu ukiingia katika maji ya namna hiyo, hauna mlango wa kutokea. Chupa iliyotupwa Kariakoo inaweza kuishia Bahari ya Hindi. Iliyotupwa kwenye bonde lililofungika tunabaki nayo wenyewe.

Kwa hiyo nendeni. Ila koleo liacheni nyumbani.

Naona mmeshangaa. Mjini, kwenye mtaro wa saruji, msafishaji hodari ni yule anayezoa tope hadi sakafu ionekane, na anafanya vyema, maana tope la mtaroni huziba maji. Kwenye dimbwi letu la kiangazi, ukizoa tope umezoa samaki. Umewapakia kwenye toroli, watoto na akiba yao, umekwenda kuwamwaga jalalani, kisha unapiga picha ukitabasamu kwamba umeokoa mazingira. Mwezi wa kwanza dimbwi litakuwa safi, lenye maji mazuri, na halitakuwa na kitu ndani.

Takataka zote za juu okoteni kwa mikono iliyovaa glavu. Kilichozama nusu kivuteni taratibu, mkung'ute udongo uliokishika uanguke pale pale ulipotoka. Reki ipite juu juu, isilime. Na msichome taka ndani ya dimbwi kavu. Najua linavutia kwa moto, halina nyasi za kuunguza wala nyumba karibu, ndiyo maana watu hupenda kuchomea humo. Lakini yai linalovumilia jua la Oktoba haliwezi kuvumilia plastiki inayowaka juu yake. Bebeni mkachomee kwingine, au bora zaidi mpeleke panapokusanywa taka. Betri ziwe na salfeti yake peke yake.

Ng'ombe je? Wengine mnataka kuwafukuza ng'ombe dimbwini kwa sababu wanachafua maji. Waacheni. Kwato zao hukandamiza udongo wa chini ukashika maji yasizame upesi, na huko porini, kama Muhesi na Kizigo, tembo hufanya kazi hiyo hiyo. Adui si ng'ombe, ni dawa ya kupe anayoogeshewa, pale mtu anapomwaga mabaki yake majini au kusuuza humo bomba la kupulizia alizeti au tumbaku. Kiasi kidogo tu kinatosha kuua kila kilichoanguliwa.

Kuna jambo gumu zaidi, na hapa sitawadanganya kwamba lina jibu rahisi. Udongo wa dimbwi ni mzuri kwa tofali. Mtu anajenga nyumba ya watoto wake, anachimba palipo karibu, anapanga tanuru. Mwingine anataka dimbwi lichimbwe liwe lambo lenye maji mwaka mzima, na kiu ya mifugo mnaijua. Lakini maji yakikaa mwaka mzima, kambare huingia na kukaa, na samaki wetu mdogo hawezi kuishi na kambare. Yeye anataka dimbwi likauke. Ukavu ndio ukuta wake. Siwezi kumwambia mfugaji aache ng'ombe wafe kwa ajili ya kitu cha kidole kimoja. Ninachoweza kumwomba ni achague: madimbwi ni mengi, achimbe moja, mawili ayaache. Nimeona wazee wakikubali hivyo, lakini wamekubali baada ya kumwona samaki kwa macho yao.

Ndiyo sababu somo lenu kwa watu wazima lisianze na jina la kisayansi. Mkianza na Nothobranchius, watu watakumbuka kwamba wameacha chungu jikoni. Anzeni na chupa. Msimu wa maji, chukueni chupa safi inayopenyeza mwanga, mchote dume mmoja na jike mmoja, muiinue hadi usawa wa macho. Dume akigeuka juani na zile rangi zake, hata yule aliyepita kwenda sokoni atasimama. Akisimama, muulizeni swali nililowauliza mimi. Mwacheni aseme wameanguka na mvua, msimkatize. Kisha mwelezeni habari za mayai.

Atauliza, "Wanafaa nini sasa, hawaliwi?" Mwambieni wanakula viluwiluwi vya mbu. Ni kweli, lakini msizidishe chumvi mkasema wataondoa malaria. Chandarua kinabaki kitandani. Mimi napenda kumjibu kwamba perege wa Ziwa Kitangiri naye ni wa asili, tena anapatikana katika maziwa machache tu ya chumvi kama Manyara na Eyasi, na yeye analiwa, na bado watu wanamsahau wakishaletewa sato wa kufuga. Kuliwa hakujawahi kumwokoa samaki.

Na kwa kuwa nimemtaja sato: msimwage dimbwini. Wala msihamishe samaki wa dimbwi hili mkawapeleka dimbwi la kijiji kingine eti mnawaongeza. Huko wanaweza kuwa na aina yao, na mkiwachanganya hakuna fundi wa kuwatenganisha. Chupa isikae juani, dakika chache zatosha. Warudisheni pale pale, mkiinamisha mdomo wa chupa ndani ya maji watoke wenyewe. Hapana, wewe, hutampeleka nyumbani. Hata kama una ndoo nzuri. Nyumbani utamlisha ugali, na yeye hali ugali.

Haya. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Nani ana reki kwao? Wawili tu? Zinatosha, wengine mje na mikono. Salfeti nne za taka, moja ya betri. Na wewe uliyeficha koleo nyuma ya mlango, nimeliona.